Kwa Nini Bua la Ngano Lina Uwazi

Zamani, mimea ilipokuwa bado ikisema na watu, bua la Ngano halikuwa na uwazi. Lilijaa maji matamu kama muwa, na Ngano aliyanywa mwenyewe, akikuza punje zake taratibu, kwa raha zake.

Huko nyanda za juu aliishi mjane aitwaye Tapsubei, aliyelea wajukuu kwa shamba moja la ngano. Hakuna aliyechoshwa na mmea kama yeye. Ngano alilalamikia upepo, akalalamikia ndege, akalalamikia hata umande.

Mwaka mmoja jua kali liliwahi kuja, punje zikiwa bado na maziwa.

"Bibi, naungua!"

Tapsubei akateremka mtoni na mtungi, akapanda mlima, akamwagia maji. Kabla hajapumua: "Bibi, yamekauka!" Akarudi tena mtoni. Kisha akatandaza ngozi za kulalia juu ya mafito ili Ngano apate kivuli. "Bibi, mbona giza?" Akaziondoa, meno kayauma.

Jua lilipofika utosini alipasua suke kwa ukucha. Punje zilikuwa zimeanza kunywea, nazo ndizo uji wa wajukuu na mbegu ya mwakani. Akalibinya bua. Tone tamu likamdondokea kidoleni.

"Nini hiki?"

"Akiba yangu, Bibi. Ya uzeeni."

"Ya uzeeni!" Mtungi ukamponyoka, ukavunjika. "Mgongo umenipinda kwa kukutekea maji, wanao wanakufa njaa hapo kichwani pako, kumbe umekalia chakula? Basi, wazike mwenyewe!" Akaketi chini, akampa kisogo.

Ngano akangoja abembelezwe. Wapi! Punje zikazidi kulegea. Ndipo akakunja majani yake kulikwepa jua, akaanza kuupandisha ule utamu wote masukeni. Majani ya chini yakageuka manjano, kisha ya juu, na bua likabaki tupu. Punje zikakomaa mapema, ndogo, zenye makunyanzi, lakini hai.

Jioni Tapsubei alivuna, akapepeta, akatafuna moja. "Sasa hili ndilo lililokushinda tangu asubuhi?" akauliza. Sauti ya Ngano nayo ilikuwa imekwenda na ule utamu.

Na tangu siku hiyo ngano haisemi. Joto likiikuta na punje changa, hukunja majani, huharakisha kukomaa, na kuwapa wanawe kila kilichomo buani. Ndiyo maana bua lake lina uwazi, na punje za mwaka wa jua kali huwa ndogo. Mkulima huzitazama kiganjani, akasonya, kisha akazipeleka kusagwa.