Kiti Kimoja, Gundi Tatu

Mwenye karanga apumzishe taya, maana hukumu ya leo inataka masikio. Mjini Singida palikuwa na mafundi watatu, na kila mmoja aliamini gundi yake ndiyo iliyoishikilia dunia.

Sikudhani alikuwa seremala wa majeneza. Gundi yake ilikuwa nyeupe, ya mbao, ya kukauka siku nzima. "Wateja wangu hawana haraka," alizoea kusema.

Mghwai, fundi viatu, alikuwa na gundi ya matone. Hesabu kumi, imeshika. Ukizubaa, umeshikwa na wewe.

Chausiku aliziba matangi ya maji. Gundi yake ilikaa katika mirija miwili: changanya nusu kwa nusu, ngoja saa moja, hata nyundo itaomba radhi.

Watatu hao walijenga ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti, waingie nayo kwenye mashindano uwanja wa ndege. Zawadi ya mashindano ilikuwa kiti kimoja katika ndege ya kweli, kuzunguka juu ya mji. Sikudhani alikitamani kuliko wote. Baba yake alifyeka majani ya uwanja wa ndege miaka thelathini, akazikwa katika jeneza alilolichonga yeye Sikudhani, bila kupanda ndege hata siku moja.

Mabawa waliyakata kwenye boksi jeupe la samaki, lile jepesi la plastiki ya povu, linalochubuka kwa kucha.

"Da Sikudhani, gundi yako itakauka tukiwa wateja wako," alisema Mghwai, akadondosha matone yake. Bawa likayeyuka kama sukari kwenye chai, wakilitazama.

Sikudhani hakumgombeza. Alikata bawa jipya, akapaka gundi nyeupe, akalifunga kamba, akaliacha hadi kesho yake. Halikuyeyuka wala halikuachia.

Mota nayo, walipoijaribu, ilitetemeka, ikang'oka, ikawakimbiza kuku. Chausiku akachanganya mirija yake, akaipachika. Baada ya saa moja waliivuta wote watatu. Waliochoka ni wao.

Siku ya mashindano, zikiwa zimebaki dakika tano, Chausiku alirudi nyuma apigwe picha vizuri, akakalia mkia. Kra.

"Yangu saa moja," alinong'ona.

"Yangu kesho," alisema Sikudhani.

Wakamgeukia Mghwai. Mkia ulikuwa mbao tupu, hakuna cha kuyeyuka. Akadondosha, akashikilia, akahesabu kumi. Mkia ukashika, na kidole gumba chake pia. Walipoitwa mara ya pili alijinyofoa, akaacha ngozi mkiani.

Ndege ikaruka. Wakapokezana rimoti, kila mmoja mzunguko wake, ikatua nzima. Wakashinda.

Rubani wa ndege ya kweli akafungua mlango. "Mmoja tu. Amueni wenyewe."

"Bila bawa langu ingeruka nini?" aliuliza Sikudhani.

"Bila mota ni boksi la samaki," alijibu Chausiku.

"Wewe si ndiye uliyekalia mkia?" Mghwai alisema, akinyonya kidole. "Mimi niliharibu bawa, nakubali. Da Sikudhani hukuharibu kitu, ila dakika zile tano ulikunja mikono. Na ngozi yangu imeshapaa, mwacheni mwenyewe aifuate."

Sikudhani alicheka, machozi yakamtoka humo humo. Akayatazama majani ya uwanja, yaliyofyekwa sasa na mtu mwingine. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshapanda ngazi. Hakuupandisha wa pili, wala hakuushusha huo.

Propela imeanza kuzunguka. Wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa tangu mwanzo, sogea mbele utuambie: kiti kile ungempa nani, na wawili watakaobaki chini ungewatazamaje machoni?