Mfereji Mmoja, Pembe Nyingi

Mlima mmoja ulikuwa na mfereji, na mfereji ulikuwa na watu wake. Maji yalitoka juu msituni, yakapita nyuma ya kila nyumba, yakaishia shambani kwa Naetwe, mama mwenye watoto wadogo, ambaye kipande chake kilikuwa cha mwisho kabisa. Mwaka huo alikuwa amepanda maharage, nayo yalikuwa yametoa maua. Maharage yenye maua hayajui kusubiri. Ukiyanyima maji wakati huo, watoto hawatakula.

Watu wale walikuwa na desturi. Kila mmoja alikuwa amening'iniza pembe ya ng'ombe mlangoni. Ukingo ukibomoka, wa kwanza kuona alipuliza pembe yake, akaingia tunduni kuliziba kwa mwili wake. Aliyesikia aliacha chakula, akaja mbio na bonge la udongo. Naye, kabla hajashika mkono wa mwenzake, alipuliza ili wa mbali zaidi asikie. Walishikana, wakashindilia udongo kati ya miguu yao, na maji yakakoma kumwagika. Mimi siidharau desturi hiyo. Bila hiyo mlima ule ungekuwa umeshakauka zamani.

Lakini desturi ilikuwa na nusu ya pili, na hiyo ndiyo inayonikosesha utulivu. Wengine walipokimbilia tundu, kila nyumba ambayo ukingo wake ulikuwa mzima ilitakiwa kumwacha mtu asiende. Walioachwa walitakiwa wasimame nyuma ya nyumba zao, na kila apitaye mbio wamwambie, "Hapa pazima." Ni maneno madogo, hayana sifa. Hakuna aliyewahi kutungiwa wimbo kwa kuyasema. Lakini mkimbiaji akiyasikia alijua hatari haijaenea na waliotangulia wanatosha, akapunguza mwendo, akashusha udongo wake, akarudi kwenye chakula chake.

Siku moja ng'ombe alikanyaga ukingo nyuma ya nyumba ya Kiondo, ukabomoka. Tundu lenyewe lilikuwa la kuzibwa na watu wawili na debe la udongo. Kiondo alipuliza, kama ilivyompasa. Jirani akaja, naye akapuliza. Tundu likazibwa, maji yakatulia, na hapo ndipo ingefaa mtu avute pumzi. Lakini pembe zilikuwa zimeshaita pembe. Waliofika baadaye hawakutazama maji. Walitazama migongo ya waliotangulia, wakasema moyoni kwamba penye watu wengi namna hii hatari lazima ni kubwa, wakapuliza kwa nguvu zaidi. Na wale walioachwa kwenye ukingo mzima, je? Waliona haya kusimama tu huku wenzao wanatoka jasho. Wakafuata mkumbo, wakachukua majembe, wakaja. Njia nzima hakubaki hata mmoja wa kusema hapa pazima.

Udongo ukamwagwa juu ya udongo. Tundu lilikuwa limekwisha kujaa, kwa hiyo ukaanza kuingia mferejini. Bonge juu ya bonge, hadi ukuta ukafika ng'ambo ya pili. Nao waliimba. Inaniuma kusema, lakini waliimba kwa furaha ya kuokoa maji.

Huko chini Naetwe aliona maji yakipungua, yakawa tope. Pembe yake ilikuwa mlangoni, lakini hakuigusa, maana alijua ikilia watu wataongezeka. Alichukua jembe, akapanda mlima akifuata mfereji mkavu mpaka akaufikia umati. Akasema, "Jamani, nionyesheni tundu."

Walitafuta. Waliinama, wakapapasa, wakatazamana. Hakuna aliyeweza kulionyesha. Ndipo wakaanza kuubomoa ukuta, lakini udongo ulioshindiliwa na mlima mzima hautoki upesi, na jua halikuwangoja. Maji yalipofika chini, maharage yalikuwa yameinama. Mashamba ya juu yote yalipona. Kile kipande cha mwisho hakikuinuka tena.

Kesho yake wapo waliotaka pembe zikusanywe zichomwe. Naetwe, aliyekuwa na haki kuliko wote ya kukubali, alikataa. Alijua masika yanakuja, na kingo zitabomoka. Alirudisha pembe yake mlangoni, akaenda kuomba chakula cha watoto kwa watu walewale.

Daktari atakwambia kwamba mfereji huu umo ndani yako. Atakwambia kuna chembe ndogo katika damu zinazokimbilia kidonda, zinashikana na kuitana, na kwamba mshipa ulio mzima ndio unaozituliza. Atakwambia pia kwamba chembe hizo zikizidi huziba mshipa wenyewe, na moyo wa mtu unaweza kunyauka kwa msaada uliozidi. Mimi si daktari. Mimi naziona pembe mikononi mwenu, ninyi mnaonisikiliza, na nyuso zenu zimeshaanza kugeukia kelele. Basi nauliza: kule nyuma ya nyumba yako, mahali ambapo ukingo ni mzima, umemwacha nani?