Fundi Aliyeogopa Kuzima Ghala

Ndugu zangu, leo mtanivumilia. Mfano wangu hauna mpanzi, hauna mbuzi, wala hauna mtu wa kuchunga mbuzi. Nimeona vijana wa kwaya wanasinzia kila nikitaja jembe, nikasema basi, leo niwafuate huko huko kwenye kompyuta zao. Na ninyi wazee msiogope. Mzee Mwasomola, usinikunjie uso, utaelewa kabla yao.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kompyuta, kijana mtulivu, mcha Mungu, na kazi yake ilikuwa kutunza ghala. Si ghala la mahindi. Programu za kompyuta nazo husafiri zikiwa zimefungwa kwenye vifurushi, na mahali vinapopokelewa, vinapotunzwa na kugawiwa ndipo panapoitwa ghala. Lenyewe ni kompyuta moja tu, imekaa chumbani inavuma. Ghala la fundi huyu lilihudumia shule na zahanati za milimani, huko ambako intaneti haifiki. Kompyuta zote za huko zilichota programu kwake, kupitia minara midogo iliyosimikwa juu ya vilima. Kisichokuwepo kwenye ghala lake, milimani hakipatikani.

Sasa fundi huyu alikuwa na jambo moja analojivunia. Kompyuta ya namna ile huhesabu yenyewe muda iliokaa macho bila kuzimwa, na yake ilikuwa na miaka. Umeme ukikatika, betri zinashika. Betri zikichoka, jenereta inanguruma. Mafundi wenzake wakija kumtembelea, kabla ya kupewa hata maji ya kunywa wanaonyeshwa hesabu. Mnacheka? Mafundi wa kazi hiyo ndivyo walivyo. Wanashindana kwa hesabu hizo kama sisi tunavyoshindana kwa migomba.

Juu kabisa milimani aliishi mwalimu mmoja mstaafu, mama mjane. Alifundisha darasa la kwanza tangu usichana wake mpaka anastaafu. Watu wazima wengi wa kata ile walijua kusoma kwa kiboko chake na kwa pipi zake. Halafu macho yakaingia giza. Tangu hapo akawa anasomewa Neno na jirani yake kila jioni. Jirani mwema, Mungu ambariki, ila anasoma huku ugali uko motoni kwake. Akifika kwenye neno refu analiruka. Na mwalimu anajua limerukwa. Atasema nini? Mtu anakusaidia bure, utamkosoa? Anameza mate, anasema asante sana.

Siku fundi alipompelekea kompyuta ya msaada, yenye Biblia ndani yake, mwalimu alimshika mkono. "Sitaki kusomewa tena, baba. Nimesomewa vya kutosha. Nataka kusoma. Na nataka mapema, kwa sababu daktari anasema masikio nayo yanaifuata njia ya macho."

Yule kijana akaahidi. Maana programu ya kusoma maandishi kwa sauti ipo, inasoma Kiswahili kilichonyooka, na aliijua. Tatizo likawa moja. Programu ile ilifungwa kwenye vifurushi vya aina ambayo ghala lake halikuifahamu. Umpelekee mtunza ghala la mahindi tenga la samaki, si atakutazama tu? Lakini dawa ilikuwepo. Watu wa kujitolea, waliotawanyika huku na huko duniani, walikuwa wametengeneza kipande cha kuongeza kwenye ghala ili lijifunze aina ile ya vifurushi. Wenyewe wanakiita programu jalizi. Sisi hapa tuseme jalizi, tusichoshane.

Ila jalizi ya watu wa kujitolea haiji imeiva. Wanakupa mahindi, si unga. Kusaga ni juu yako. Fundi akaketi akaijenga, ikagoma. Akakuta zana yake ya kujengea imepitwa na wakati, akaibadilisha. Ikagoma tena kwa sababu nyingine kabisa. Alihangaika nayo, msimdharau, alifanya kazi ya kweli. Mwishowe skrini ikamwandikia kwamba ujenzi umekamilika. Akainamisha kichwa akamshukuru Mungu. Akaichukua jalizi yake akaiweka kwenye folda inayotakiwa, pale pale maelezo yalipoelekeza.

Maelezo yalikuwa yamebakiza mstari mmoja. Zima ghala, kisha uliwashe upya. Kwa sababu ghala huichungulia folda ile linapoamka tu. Likishaamka, haligeuki tena kutazama nani kaingia.

Fundi aliusoma mstari ule. Akaitazama hesabu yake. Akajisemea, ghala langu si kama maghala ya watu wengine, litaiona tu lenyewe. Akachukua simu akampigia mwalimu.

"Nimeshaiweka, mwalimu. Ipo ndani."

Mwalimu alipiga kigelegele mpaka jirani akatoka nje.

Fundi alikuwa amemdondoshea tone la nta ya mshumaa juu ya kitufe kimoja, ili akipapase akijue. Akikibonyeza, kompyuta inaliuliza ghala: ile programu ya sauti ipo? Kama ipo, inaichukua na kuanza kusoma. Kama haipo, inatoa mlio mmoja mfupi, basi. Kila jioni mwalimu aliinjika chai jikoni, akaja kukaa mbele ya kompyuta amevaa kanga safi, akalitafuta tone la nta kwa kidole. Mlio mfupi. Anakaa kidogo, anabonyeza tena. Mlio mfupi. Chai ikichemka anarudi jikoni kuipua. Masika ikaisha, baridi ikaingia, na mwalimu bado anakaa pale kila jioni. Jirani akija kusoma, anamkuta ameshalia na ameshajifuta.

Fundi naye hakukaa bure. Aliijenga jalizi upya, akaijenga tena, akidhani kosa liko kwenye kusaga. Akawaandikia wale watu wa kujitolea maelezo marefu yenye lawama. Mmoja wao akamjibu kwa upole: "Je, uliliwasha upya ghala?" Fundi akanuna. Huyu ananiona mimi mwanafunzi, alisema. Ndugu zangu, mmewahi kulichukia swali kwa sababu jibu lake mnalijua?

Ndipo siku moja mchana mwalimu akapiga simu. "Baba, ongeza sauti, leo nakusikia kwa mbali. Naomba uniambie ukweli. Kama haiwezekani, sema haiwezekani, nisikae tena pale jioni. Kutumaini kunanichosha kuliko kukosa."

"Ipo ndani, mwalimu. Haki ya Mungu, ipo."

"Kama ipo, mbona mimi sina?"

Fundi alikata simu akabaki ameishika. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na huruma aliyokuwa ameiwekea kifuniko muda wote ule. Akainuka akaenda kwenye ghala, akalizima. Chumba kikanyamaza. Akaliwasha. Hesabu yake ikaanza upya kwenye sifuri. Ghala likaamka, likaichungulia folda, likaikuta jalizi, likaipokea bila maneno. Akaviingiza vile vifurushi vya sauti, vyote vikakubaliwa. Hakuna zahanati iliyolalamika, hakuna shule iliyopiga simu. Watu wa milimani hata hawakujua kwamba kuna kitu kilizimwa. Fundi akapanda bodaboda kwenda kwa mwalimu.

"Karibu, baba," mwalimu alisema. "Umekuja saa yake, chai nimeinjika sasa hivi."

Akaketi, akalitafuta tone la nta, akabonyeza. Mlio haukuja. Kukawa kimya, kisha sauti ikaanza kusoma Neno, taratibu, haina ugali motoni. Mwalimu akainama mpaka sikio lake la kulia likagusa kompyuta. Sauti ikafika kwenye lile neno refu ambalo jirani huliruka siku zote, ikalisoma lote mpaka mwisho. Mwalimu akalia. Akaisimamisha, akairudisha nyuma kama alivyofundishwa, akalisikiliza neno lile tena.

Halafu akauliza, bado ameinama. "Ilikuwa wapi siku zote hizi?"

"Ilikuwa ndani, mwalimu."

"Ndani, ikisubiri nini?"

"Ikinisubiri mimi. Nizime ghala, niliwashe upya. Sikutaka kulizima. Nilikuwa najivunia kwamba halijazimwa miaka mingi."

"Na huko kuzima na kuwasha kunachukua muda gani?"

Fundi akatafuta kipimo cha kumweleza mama mtu mzima. "Kama wa kuchemsha chai," akasema.

Jikoni sufuria ilikuwa imeanza kuvuma. "Basi, baba," mwalimu akasema, "mimi nilikuwa naichemsha kila jioni. Ungenipa jioni moja tu, wakati sikio la kushoto bado linasikia."

Ndugu zangu, fundi namwacha hapo, hasira zangu kwake zimeisha. Nazileta kwetu. Sisi tulio humu ndani, Neno tunalo au hatuna? Tunalo. Tulilisaga kwa jasho, wengine tangu kipaimara. Mtu akituuliza tunaapa, lipo ndani, haki ya Mungu. Wala hatudanganyi. Ila hatujakubali kuzimwa. Kila mmoja wetu ana hesabu yake anayowaonyesha wageni. Mimi sijawahi kumpigia mtu magoti. Mimi nikishasema nimesema. Mimi tangu nizaliwe sijamwomba mtoto msamaha. Tunaitunza hesabu hiyo kwa betri na kwa jenereta, na tunashangaa kwa nini nyumbani kwetu hakuna anayeisikia sauti ya Mungu kupitia kwetu.

Wewe mzee, ndugu yako ulishamsamehe, naamini kabisa. Msamaha umo moyoni, umekaa kwenye folda yake. Yeye anapita mbele ya uwanja wako kila jioni anaubonyeza kwa salamu, nawe unamrudishia mlio mfupi. Wewe mama, unampenda huyo binti aliyerudi nyumbani na mimba. Unampenda, nakuona unavyomtazama. Amekusikia ukisema? Wala msiniambie mnangoja siku nzuri ya kusema. Masikio ya watu hayatungoji, wapendwa. Yanakwenda moja moja.

Na kuzima kwenyewe tunakoogopa hivi, ni kazi ya muda gani? Kusema nimekosa, nimerudi, nilikuhitaji, ni muda gani? Sisi tunadhani tukijishusha dunia yote ya milimani itasimama. Haisimami. Hakuna atakayejua isipokuwa yule aliyekuwa anasubiri.

Leo sitaomba kwa maneno mengi. Tukae kimya kidogo tu. Katika kimya hicho kila mmoja amtafute mtu wake, yule ambaye jioni ya leo, kama jana na juzi, atainjika chai na kuja kukaa.