Jino la Bibi Sukaina

Inasimuliwa, na aliyesikia amfikishie asiyesikia, kwamba katika mji wa Wasiti, zama za kale, aliishi muuza dawa aitwaye Sheikh Zurara, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa ibada na mwenye kuogopa haramu, lakini Mola alimpa na tabia nyingine ambayo hakuiomba: udadisi. Ukimwendea na kikohozi, hakuridhika kujua kimeanza lini. Alitaka kujua ulikuwa umekaa na nani, mlikuwa mnakula nini, na yule wa pembeni yako naye alikohoa au aliona haya. Watu wengine walipona njiani ili wasiulizwe.

Rafu ya juu dukani mwake ilikuwa na chungu kidogo cha afyuni, ule utomvu mweusi unaotuliza maumivu na, ukizoewa, humtuliza mtu mpaka akasahau kuwa ni mtu. Sheikh alikuwa amejiwekea nadhiri: hapimi hata chembe mpaka amwone kwa macho yake atakayeimeza. Wenzake wa sokoni walimcheka. Akawajibu, "Siku ya Kiyama nitaulizwa nilimpa nani. Mnataka niseme nilimpa mkono uliochomoza mlangoni?"

Basi alasiri moja akaingia kijana aitwaye Mundhir, ndevu hazijaota, sauti ndiyo kwanza inavunjika. Mtaa mzima ulijua ni yatima anayelelewa na mjomba wake, mshona matandiko ya farasi. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

"Assalamu alaykum, ami. Nataka afyuni kidogo."

"Wa alaykumu ssalaam. Ya nani?"

"Ya bibi yangu. Jino linamuua."

"La juu au la chini?"

Kijana akafikiri. "La katikati."

Sheikh Zurara alikuwa ameona meno mengi katika umri wake. La katikati alikuwa hajabahatika. "Mlete bibi, mwanangu," akasema. "Hilo jino hata mimi nina hamu nalo."

Mundhir akaondoka amenuna. Kesho yake, alasiri vilevile, akarudi na kikongwe aliyefungwa kitambaa taya nzima. Sheikh akamkalisha mkekani, akamwomba afungue kinywa. Akachungulia. Akasogeza taa, akachungulia tena. Mle ndani hamkuwa na jino hata moja.

"Bibi," akasema kwa adabu, "linalouma ni lipi?"

"Lililong'oka," akajibu kikongwe bila kupepesa.

"Liling'oka lini?"

"Kabla baba yako hajaoa."

"Na bado linauma?"

"Lina kinyongo."

Sheikh akageukia rafu, mabega yakimtikisika, akimwomba Mola amrudishie uso wake wa uzee. Alipogeuka tena, kikongwe alikuwa amekwisha kukifungua kile kitambaa. "Sheikh, mimi Sukaina, nauza fagio pale msikitini. Huyu si mjukuu wangu. Kaniambia nikikaa kimya atanibebea mzigo mpaka nyumbani. Kukaa kimya ndiko kumenishinda."

Mundhir akainuka akimbie. Sheikh alikuwa na kila haki ya kupiga kelele mpaka soko lijae mlangoni, maana ameongopewa ndani ya duka lake. Akavuta subira.

"Kaa, mwanangu. Kwa nini umeniongopea, hilo sikuulizi. Nadhiri yangu ni kumwona mgonjwa, na mpaka sasa sijamwona. Nani anaumwa?"

Nje zikaanza kusikika kwato, kwani ilikuwa desturi ya mji ule farasi wa walinzi kurudishwa kutoka malishoni kila alasiri kwa njia ya mtaa wa wauza dawa. Sheikh alikuwa amezizoea hata hazisikii tena. Sasa akaona vidole vya Mundhir vimeng'ang'ania ukingo wa kinu, na jasho linamchuruzika, ilhali siku ilikuwa ya baridi. Akakumbuka kuwa hata jana alikuja wakati huu.

"Ni kwato," akasema taratibu, kama mtu aliyeona ndege asiyemjua jina.

Farasi wa mwisho alipopita, kijana akasema, "Wavamizi walikuja na farasi kijijini kwetu. Mama alinifunika kapu. Sikuona kitu, ami, nilisikia tu. Mpaka leo zikipita naona nimo ndani ya kapu. Qutaiba wa soko la farasi anasema ukilamba afyuni husikii tena."

"Umekwisha kulamba?"

"Bado. Kaniambia nilete mimi, yeye atanifundisha." Akainua uso. "Sasa mgonjwa umemwona. Nadhiri yako imetimia. Nipe."

Bibi Sukaina akamtazama Sheikh. Sheikh akakitazama chungu. Kweli alikuwa amenaswa, na kwa maneno yake mwenyewe.

"Ingezinyamazisha kwato," akasema, kwani hakujua kudanganya. "Ingenyamazisha na sauti ya mama yako, na kesho ungetaka nyingi zaidi. Dawa ya kuliondoa hili sina, mwanangu. Nina kinu. Kesho zikipita, uwe hapa, utwange. Na ukitaka kusema, sema. Ukinyamaza nitakuuliza, na mimi unanijua."

Jioni ileile akaenda kwa mjomba. Kumbe mjomba, kwa nia njema kabisa, ndiye aliyekuwa akimtuma kijana kupeleka matandiko soko la farasi kila siku, ili azoee kazi awe mwanamume. Alipoelezwa, akaiweka sindano chini. "Hakuniambia," akasema.

"Ulimuuliza?"

Toka siku hiyo mjomba matandiko aliyapeleka mwenyewe.

Mundhir akaja. Siku nyingine alitwanga mdalasini ukawa vumbi, mtaa mzima ukapiga chafya. Siku nyingine alikuja na matusi, akamwita Sheikh bahili wa afyuni, na Sheikh akauliza kama mdalasini umelainika. Bibi Sukaina naye hakukosa, akidai jino lake linahitaji uangalizi. Na kati ya pigo na pigo la mchi, maneno yakawa yanatoka, kidogo leo, kidogo kesho.

Kisha ikafika alasiri ambayo kwato zilipita na kinu kikawa kimya. Sheikh akaacha wateja, akavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, akatoka mbio. Akamwona Mundhir anakuja kando ya farasi walewale, uso umempauka, mkono mmoja umeshika kanzu ya mtu na hauiachii.

"Ami, huyu ndiye Qutaiba. Anataka afyuni ya babu yake. Nimemwambia sharti la duka hili." Akamgeukia mwenzake, mkubwa wake kwa miaka na kwa mabega, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Nani anaumwa?"

Mlangoni pa duka, Bibi Sukaina akajisogeza, akapigapiga mkeka pembeni yake.

"Kaa, mwanangu. Na ukiulizwa jino, usiseme la katikati."

Ndugu zangu, mtoto aliyeonja machungu mapema hukimbilia kilevi akitafuta kimya. Tumeamrishwa kukataza maovu, nasi kwa kukataza ni hodari sana. Mola atujaalie na ule udadisi wa Sheikh Zurara, tumuulize mtoto kabla mwingine hajamwonjesha, kisha tuketi mpaka ajibu. Amin.