Panya Aliyefanywa Sultani wa Membe

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitikia kama watu waliolala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko nami. Hapo zamani za kale, mbali huko, ukishavipita visiwa vyote, palikuwa na kisiwa kimoja kidogo. Watu hawakuwapo. Paka hawakuwapo. Walikuwapo membe, ndege weupe wa baharini, wengi ajabu, nao walitaga mchangani, hadharani, maana hapakuwa na wa kuyala mayai.

Membe mmoja aliitwa Mwanakombo. Alikuwa na yai moja tu, na alilipenda mno. Aliliimbia, aliligeuza, akaligombeza lisishikwe na baridi.

Desturi ya pale ilikuwa hivi: mgeni haulizwi kitu, mzigo wake hauguswi, naye hulazwa katikati ya viota, mahali pa heshima.

Siku moja mawimbi yakaleta gogo, na juu ya gogo Panya. Akapokewa kwa vigelegele, akalazwa katikati ya viota.

Siku ya kwanza likapotea yai. Panya akasema limechukuliwa na wimbi. Membe wakasema, pole. Siku ya pili likapotea jingine. Panya akasema limepeperushwa na upepo. Wakasema, pole. Siku ya tatu yakapotea mawili, na Panya tumbo ndi, masharubu yameganda kiini. Akasema amekula embe. Embe! Kisiwa chenyewe hata mchicha hakina.

Mwanakombo akalifunika yai lake kwa mbawa. Yai lililobaki jirani na mgeni lilikuwa lake. Lakini kumfukuza mgeni ni aibu, na Panya alikuwa na meno. Basi akaenda kunong'ona na shoga yake Kasa, kobe wa baharini aliyekuwa amekuja ufukweni kutaga, kisha na membe wenzake.

Kulipokucha, Mwanakombo akampigia Panya goti.

"Bwana mkubwa, tumekubaliana sote. Tunataka uwe sultani wetu."

Panya akajidai hataki, huku mkia unacheza wenyewe. Akauliza kiti kiko wapi. Akaonyeshwa mgongo wa Kasa, umepambwa kwa mwani. Akapanda. Loo, ngoma ikalia! Membe wakaimba:

*Sultani, sultani,*
*mwenye tumbo la heshima,*
*punga mkono tukuone!*

Kasa akapiga hatua, Panya akapunga kulia. Wakaimba tena. Kasa akapiga hatua, Panya akapunga kushoto. Wakaimba mara ya tatu, na Panya alipotazama nyuma, kisiwa kiko mbali, bahari kotekote. Kasa akaogelea naye mpaka bara, akambwaga ufukweni.

Kisiwani walicheka hadi wakaanguka chali. Mwanakombo hakucheka sana. Alitaka desturi mpya: kila kinachofika kikung'utwe kwanza ufukweni, hata kiwe cha nani. Wenzake wakasema huo ni utovu wa adabu. Akasema basi atakung'uta yeye.

Siku zikapita, Kasa akarudi. Mgongoni alikuwa na bunda la majani makavu, zawadi ya kiota cha shoga yake. Mwanakombo aliona haya mpaka kwenye kucha.

"Nisamehe, shoga. Lazima nilikung'ute."

"Mimi? Mimi niliyekuokolea mwanao?" Macho ya Kasa yakalengwa na machozi.

"Wewe, shoga yangu. Nakupenda, na nitalikung'uta."

Akakung'uta, likatoka vumbi. Akakung'uta, zikatoka mbegu za magugu. Akakung'uta mara ya tatu, pu! Panya yuleyule, majani yamemkaa kichwani kilemba. Alijipenyeza humo Kasa alipokuwa akilifunga bunda huko bara.

Kasa akafadhaika, kisha kicheko kikamshika, wakacheka wote wawili hadi wakashikana. Panya akarudishwa bara bila ngoma. Na yai la Mwanakombo likapasuka, kifaranga akatoka analia njaa, mama yake akalia kwa furaha.

Funzo letu ni hili: anayependa kwao hukagua hata mzigo wa rafiki, na rafiki wa kweli hamwekei kinyongo.

Hadithi yangu imetia nanga hapo. Aliyeipenda aende nayo, na asiyeipenda aniachie, nitailalia.