Kigoda cha Jikoni

Fundi seremala mmoja wa Pangani, Mbaruku kwa jina, alikuwa na adabu zake zote alipohamia Makete kufuata mbao. Kule milimani, asubuhi za Juni umande huganda mpaka majani yanakuwa meupe. Yeye akajenga kama kwao: madirisha mapana ya kuita upepo, baraza mbele ya kuketisha wageni, na jiko nyuma, mbali, ili joto lake lisimfikie mtu. Upepo aliouita ukaja kweli, na haukutoka.

Majirani wakaja kumjulia hali. Akawaketisha barazani kwa heshima kubwa, kama baba yake alivyokuwa akimketisha kadhi. Maskini, walitetemeka na mablanketi yao mabegani, wakanywa chai harakaharaka, wakaaga. Mbaruku akaona wamemdharau. Naye alipotaka kuwatembelea alikuta milango imefungwa mchana kweupe, jambo ambalo kwao Pangani hulifanya mtu mwenye ugomvi au mwenye siri. Akapiga hodi kwa Tweve, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mlango ukafunguliwa kidogo, akaambiwa apite jikoni. Jikoni! Mwanamume mzima, tena mgeni, apelekwe kwenye masufuria ya mke wa mtu? Damu ikamchemka. Akasingizia kazi, akarudi kwake, wala hakupiga hodi tena. Watu nao wakasema fundi anajisikia. Wakaishi hivyo, kila upande umenuna, na hakuna aliyemkosea mwenzake.

Kisha mkewe, Mwanahawa, akajifungua mtoto wa kike. Mtoto alizaliwa mzima, lakini nyumba ile ya upepo haikumfaa. Haukupita muda akaanza kukohoa, kifua kinabana, vidole vya baridi hata ndani ya nguo. Mbaruku akaziba madirisha kwa mbao, na baridi ikapenya vilevile. Mganga wa zahanati akampa mtoto dawa, akasisitiza akae penye joto. Joto lilikuwa kwa Tweve, pale pale jirani, na Mbaruku hakutaka kwenda. Alimpenda mwanawe kuliko roho yake, lakini aibu ilimshika miguu.

Adhuhuri moja akarudi kutoka karakana, akakuta kitanda kitupu. Mwanahawa alikuwa amechoka kungoja, amembeba mtoto na kwenda naye kwa jirani. Mbaruku akatoka mbio kuwarudisha, amejaa hasira na hofu, akasimama mbele ya mlango uliofungwa. Hata hodi hakuwahi kupiga. Mama Tweve alimsikia, akafungua, akamvuta mkono.

"Ingia upesi, baba! Mlango tunaifungia baridi, hatukufungii wewe."

Ndani moto wa kuni ulikuwa unawaka vizuri, moshi unapandia bombani. Ukoo mzima ulikuwa pale, babu na wajukuu, na mchungaji wa kanisa lao aliyekuja kuwatembelea, wote wameuzunguka moto, wanamenya viazi na kupiga soga. Mtoto alikuwa amelala mapajani kwa mama yake, anapumua taratibu. Yule babu akainuka kwenye kigoda kilichokuwa karibu zaidi na moto, akamwachia fundi. Mbaruku akatazama nani kakaa wapi. Mchungaji mwenyewe alikuwa nyuma. Ndipo akaelewa kwamba alichokikimbia siku ile kilikuwa kiti cha mgeni wa heshima. Akaketi, akalia mbele ya watu, wala hakujificha.

Joto huwatoa watu wa Pangani nje, baridi huwaingiza wa Makete ndani, na wote humkaribisha mgeni pale penye raha. Basi niambieni, ninyi mnaojiandaa kwenda kuishi na watu wa mbali: mangapi mmeyaita dharau, kumbe ni baridi tu?