Kwa Nini Mwenyeji Huoshwa Miguu Kwanza

Mnauliza kwa nini mwenyeji akae benchini kama bwana harusi, na mgeni aliyevuka bahari ndiye apige magoti na beseni. Kwetu mgeni ndiye hupewa maji kwanza, hilo hata mtoto analijua. Haya, tulieni basi, na anayetafuna karanga atafune taratibu.

Zamani Wamenonaiti, Wakristo wa kanisa letu hili, walikuwa wametawanyika kama kuku waliofukuzwa shambani. Wa Kongo walikuwa kwao, wa Uhindi kwao, wa Paraguai kwao, wa Uholanzi kwao, nasi huku Mara na kilima chetu cha Kirabera. Kila kanisa lilidhani limebaki peke yake duniani, likikataa kuapa na kukataa kushika silaha. Barua ya ng'ambo ilichukua miezi minne. Lakini ikifika ilisomwa Jumapili mbili mfululizo, na watu wazima walitoa leso. Jamani, siku zile barua ilikuwa na uzito!

Hapo Kirabera aliishi Wegesa, mjane, mpishi wa kanisa na mtunza mabeseni ya ibada ya kuoshana miguu, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Ulimi wake ulikuwa pilipili kichaa, na kwa kazi hakuwa na mfano. Ndugu zake wa tumbo moja wote alikuwa amekwisha kuwazika. Tena alikuwa na jambo alilolificha: utotoni funza walimla vidole viwili vya mguu wa kushoto, na wenzake walimcheka mpaka akaacha kucheza. Miaka thelathini aliosha miguu ya wanawake wa kanisa lile, na zamu yake ya kuoshwa ilipofika alisema, "Mimi nimeshaoga nyumbani," akakimbilia jikoni. Aliapa moyoni, ingawa kuapa ni mwiko, kwamba mguu ule utaonwa na waosha maiti tu.

Mwaka mmoja zikaja barua kutoka nchi nne: tukutane, tuone kama tunaweza kuwa ushirika mmoja. Mkutano uliletwa Kirabera kwa sababu makanisa mengine yote yaliikataa heshima hiyo kwa unyenyekevu. Wegesa alifurahi ajabu. Alichota maji huku anaimba, akiwaza kwamba Mungu anamrudishia ndugu, wengi kuliko aliowazika.

Lakini wapi! Siku tatu wageni walibishana. Ubatizo uwe wa kumiminiwa maji au wa kuzamishwa? Kinanda kiruhusiwe kanisani? Mwanamke asiye na kitambaa kichwani aombe? Siku ya nne hawakuwa wameafikiana lolote ila hili: waoshane miguu, waagane kwa amani, kila mtu arudi kwao. Wegesa aliyasikia hayo akiwa jikoni, na moyo ukamwuma kweli kweli.

Mchana akapasha maji, akayaacha yawe vuguvugu, akagawa mabeseni. Hapo ndipo kioja kilipotokea. Kila mtu alichukua beseni, na kila mtu akapiga magoti. Mabenchi yakabaki matupu! Wote walikuwa wamefundishwa tangu wadogo kuwaosha wenzao, na kila mmoja aliona kukaa ni kujikweza. Mchungaji Magaigwa wa Kirabera alimsihi Bwana Wiebe wa Paraguai aketi. Wiebe akasema hastahili. Magaigwa akasema yeye ndiye asiyestahili zaidi. Sauti zikaanza kupanda. Ugomvi wa unyenyekevu mmewahi kuuona? Afadhali ule wa kugombea ng'ombe.

Wegesa alisimama mlangoni na sufuria yake. Aliona wazi kwamba wataondoka hivi hivi, wakiwa wamenuniana, na hataziona tena nyuso zile. Mtu mmoja akikaa tu, wengine watakaa. Akatazama huku na huku, hakuna. Alipotambua kuwa mtu huyo ni yeye, aliitua sufuria chini.

"Maji yangu yanapoa!" akafoka. "Kuni nimebeba kwa kichwa changu mwenyewe, halafu ninyi mnashindana? Haya, nakaa mimi!"

Akaenda benchi la mbele, akaketi. Akavua viatu. Mwanamke wa Kongo, Mama Ngalula, mtu mwenye mwili wake, akajivuta kwa magoti mpaka mbele yake. Akauosha mguu wa kulia. Akauchukua wa kushoto, akafika penye pengo, mkono ukasimama. Wegesa alifumba macho akingoja kicheko.

"Mama, iko inauma?" Ngalula akauliza kwa Kiswahili chao cha Kongo.

"Sasa hapana. Zamani paliuma sana."

"Pole, dada."

Dada! Wegesa alilia kwa sauti, bila kujali wachungaji. Ngalula aliendelea kuosha polepole, na pale penye pengo akaosha vilevile, akapafuta kwa taulo, kisha akakaa yeye benchini na kunyoosha miguu yake.

Basi Magaigwa akaliacha beseni lake, akaketi. Mzee wa Uhindi akaketi. Bwana Wiebe akahangaika na soksi zake weee, hatimaye naye akaketi. Kesho yake lori la kuwarudisha wageni lilikuja likaondoka tupu, maana walikuwa wameanza mazungumzo upya, na safari hii kila mmoja alikuwa tayari kupokea neno la mwenzake. Siku ya sita wakawa ushirika mmoja. Lile la kinanda hawajalimaliza hadi leo.

Na tangu siku hiyo, mkutano ufanyike nchi yoyote ile, mwenyeji ndiye anayekaa kwanza, awe askofu, awe mpishi. Wengi huona haya. Husimama pembeni wakijifanya wana shughuli, na hakuna anayewaharakisha. Dunia nzima imepiga magoti, inawangoja.